Moto Ukishazimwa, Nani Anajua pa Kuanzia?

Alfajiri ya Jumamosi, 1 Februari 1997, moto uliteketeza kiwanda namba moja cha kampuni ya Aisin Seiki mjini Kariya, Japani. Humo mlitengenezwa vipuri vingi, lakini kimoja ndicho kilichotikisa sekta nzima: vali ya breki, ndogo kama pakiti ya sigara, inayopunguza nguvu ya breki za nyuma ili gari lisiserereke dereva anapokanyaga kwa ghafla. Asilimia 99 ya vali hizo zilizofungwa kwenye magari ya Toyota zilitoka katika kiwanda hicho kimoja. Na kwa kuwa Toyota ilijivunia utaratibu wake wa kutolundika vipuri stoo, zilizosalia mkononi zilikuwa za siku mbili tatu tu.

Mashine zilizochonga vali zile ziliungua. Mashine za aina hiyo hazikai dukani. Unaagiza, unatengenezewa, unasubiri kwa miezi. Katikati ya wiki iliyofuata karibu viwanda vyote vya Toyota nchini Japani vilikuwa vimesimama. Lakini takriban wiki moja baada ya moto magari yalikuwa yanatoka tena kwa wingi unaokaribia ule wa kawaida, ilhali kiwanda kilichoungua kingali hakifai kwa kazi.

Vali zilitoka wapi? Aisin ilitoa michoro yake kwa kila aliyekuwa tayari kujaribu. Kampuni zipatazo 62 ziliingia kazini, kila moja kwa mashine iliyokuwa nayo. Mojawapo ilikuwa Brother, watengenezaji wa cherehani, ambao hawakuwahi kuchonga kipuri cha gari. Hakuna aliyesubiri mkataba utiwe saini. Habari ya malipo iliachwa ikazungumzwe baadaye.

Ninapoisimulia habari hii mbele ya wenye viwanda wa kwetu, jibu la kwanza huwa, "Hao ni Wajapani." Naona jibu hilo linatupunja. Kilichowaokoa ni kwamba ujuzi wa kutengeneza vali haukuungua pamoja na mashine. Michoro ilipatikana. Walioweza kuisoma walikuwa wengi, na walikuwa nje ya uzio wa kiwanda, wanajulikana kwa majina. Hayo mawili hayahitaji mtu awe Mjapani.

Kwa miaka kadhaa nimeingia viwandani Dar es Salaam, Tanga na Morogoro kwa kazi ya matengenezo ya mitambo. Nikiuliza kuhusu mpango wa dharura, napelekwa uwanjani kuonyeshwa kibao cha kijani cha mahali pa kukusanyika, kisha mitungi ya kuzimia moto na kadi zake za ukaguzi. Ni jambo jema. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya Tanzania ya 2003, na ile ya Kenya ya 2007, zimeuweka mbele uhai wa mfanyakazi, na ndivyo inavyopasa. Lakini huo ni mpango wa kutoka. Nikiulizia mpango wa kurudi, yaani nani anafanya nini kesho yake asubuhi wakati watu mia mbili wamesimama nje ya jengo lililoungua nusu, ndipo watu wanapoanza kutazamana.

Mara chache jalada la mpango huo lipo, limeandikwa kwa kufuata ISO 22301, kiwango cha kimataifa cha mwendelezo wa shughuli kilichotolewa kwanza mwaka 2012. Sina ugomvi na kiwango hicho. Kimeandikwa na watu wanaojua kazi. Ugomvi wangu ni kwamba jalada linakaa kabatini ndani ya jengo lilelile litakaloungua, na ukurasa wake wa namba za simu una majina ya watu walioacha kazi. Kiwanda kimoja nilipiga namba nne za kwanza. Mbili hazikuwepo tena hewani. Ya tatu ilipokelewa na mtu wa Singida ambaye hakuwahi kusikia habari za kiwanda hicho.

Hapo hapo nilijifunza jambo jingine. Boila yao ilikuwa ya zamani, imeongezewa mabomba na vali kwa miaka mingi bila mtu kuchora chochote. Aliyeijua alikuwa mzee mmoja aliyestaafu. Mafuriko yalipoingia chumba cha boila, maji yalitolewa kwa siku moja, lakini kiwanda kilikaa zaidi ya wiki kwa sababu hakuna aliyethubutu kuiwasha. Mwishowe kijana wa matengenezo alimpigia simu mimi nikiwa nimekaa pembeni. "Shikamoo mzee. Boila imetushinda." Mzee aliitikia marahaba, akauliza swali moja tu: "Ile vali ya chini, nyuma ya tangi, mmeifungua?" Hawakujua kama kuna vali nyuma ya tangi. Kama mzee angekuwa ametangulia mbele ya haki mwaka ule, sijui wangefanya nini. Janga la kiwanda kile lilikuwa limeanza siku ile mzee alipoagwa kwa soda na keki, bila mtu yeyote kukaa naye na karatasi na kalamu.

Kuacha ujuzi wote kwa mtu mmoja ni kukusanya vitu mahali pamoja. Kuna aina nyingine, nayo ni ya mitambo yenyewe. Mfano mkubwa kuliko yote ni Fukushima Daiichi, kituo cha umeme wa nyuklia cha Japani. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi lilikata umeme wa gridi, na jenereta za dharura zikawaka kama zilivyopangwa. Dakika 50 hivi baadaye wimbi la tsunami likaja. Kati ya jenereta 13 za kituo hicho, iliyoendelea kutoa umeme ni moja tu. Wengi wanajua kwamba jenereta nyingi zilikuwa chini, karibu na usawa wa bahari. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba baadhi ya jenereta hazikuguswa na maji kabisa. Zilikuwa nzima, zingeweza kuzunguka. Ila makabati ya swichi, yale yanayopokea umeme wa jenereta na kuupeleka kwenye pampu, yalikuwa chini na yakazama. Jenereta nzima zikabaki hazina njia. Ile moja iliyosalimika, ya mtambo namba 6, ilikuwa juu zaidi na njia yake ya umeme ilisalimika nayo; hiyo ndiyo iliyouokoa mtambo wa 5 na wa 6. Kwenye mitambo iliyobaki, wafanyakazi walifungua betri za magari yaliyoegeshwa pale kituoni wakaziunganisha ili waweze kusoma vipimo.

Ninalirudia hili la makabati ya swichi kila ninapoweza, kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kwetu. Mtu ananunua jenereta ya mamilioni, anaijengea banda juu ya zege, halafu paneli ya kubadilishia umeme ipo kwenye chumba kilekile chenye transfoma na nyaya zote kuu. Moto ukianzia chumba hicho, umeme wa TANESCO na wa jenereta vinaondoka kwa pigo moja. Huyo hana njia mbili za umeme, ana moja yenye vyanzo viwili.

Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Kwenye Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, jenereta ya sehemu ya majengo ya abiria haikuwaka, na waziri wa uchukuzi aliomba radhi hadharani. Fundi yeyote wa jenereta atakuambia jambo hilo halihitaji uchawi. Jenereta nyingi huwashwa mara moja kwa wiki, dakika kumi, bila mzigo, kisha fundi anatia saini kwenye daftari. Injini ya dizeli inayozungushwa bila mzigo haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi na mabaki ya mafuta yanajikusanya kwenye njia ya moshi, na nguvu inapungua kidogo kidogo pasipo mtu kugundua. Dizeli iliyokaa muda mrefu kwenye tangi huvuta unyevu, maji yanatuama chini, ukungu unaota, chujio linaziba. Betri ya kuwashia nayo hufa kimya, na ndiyo inayoongoza kwa kuangusha watu. Jaribio la kweli ni kukata swichi kuu ya gridi siku ya kazi, mashine zikiwa zinazunguka, na kuiacha jenereta ibebe kiwanda kwa saa nzima au zaidi. Mameneja wengi hawakubali jambo hilo kwa kuhofia hasara ya uzalishaji. Nawaelewa. Lakini anayeogopa kukata umeme mwenyewe Jumamosi saa nne, mafundi wote wakiwepo, hana haki ya kutegemea kwamba mambo yatakwenda sawa umeme ukikatika usiku wa Idi.

Wapo wanaolijua hili kwa uzoefu. Watu wa saruji, kwa mfano. Tanuri la kiwanda cha saruji ni bomba refu la chuma linalozunguka, ndani yake kuna joto linaloyeyusha mawe. Umeme ukikatika na bomba likasimama likiwa na moto, linaanza kujipinda kwa uzito wake, na tanuri lililopinda ni hasara ya kulilia. Ndiyo maana kando yake huwekwa injini ndogo ya akiba, kazi yake ikiwa kulizungusha taratibu tu mpaka lipoe. Haizalishi hata mfuko mmoja. Inanunua muda. Kila kiwanda kina saa yake ya namna hiyo: samaki wa Mwanza kwenye vyumba vya baridi, maziwa kwenye matangi, kioo kilichoyeyuka, rangi iliyochanganywa. Swali la kwanza la mpango wowote wa kurejea ni hilo, kwamba baada ya saa ngapi kusimama kunageuka kuwa kuharibika. Ajabu ni kwamba wafanyakazi wa zamu ya usiku karibu wote wanalijua jibu, na aliyeandika jalada hakuwauliza.

Tarehe 19 Machi 2019 kampuni ya alumini ya Norsk Hydro ya Norwei iliamka ikakuta kompyuta zake zimefungwa na wadukuzi wanaodai fidia. Ilikuwa na wafanyakazi wapatao 35,000 katika nchi 40 hivi. Mlangoni mwa makao makuu ilibandikwa karatasi ikiwakataza wafanyakazi kuunganisha kompyuta zao kwenye mtandao. Kampuni haikulipa. Ilizirudisha kompyuta polepole kutokana na nakala rudufu za data zake, na kwa wiki kadhaa sehemu kubwa ya viwanda vyake iliendeshwa kwa mkono na kwa karatasi. Hapo ndipo waliposaidiwa na wafanyakazi wa zamani, wengine wakiwa wamestaafu, waliorudi kwa sababu walikumbuka kazi ilivyofanywa kabla ya kompyuta kuja. Hasara ilifika mamia ya mamilioni ya krona, lakini kampuni ilibaki na wateja wake, nadhani kwa sehemu kubwa kwa sababu ilisema wazi tangu siku ya kwanza kilichoipata.

Nikisoma habari ile namkumbuka mzee wa boila. Tofauti ni kwamba Norsk Hydro ilikuwa na wazee wa namna hiyo wengi na iliwathamini. Sisi tunaona kijana anayejua kusoma skrini kuwa ndiye maendeleo, na yule anayeisikia pampu kwa sikio kuwa ni masalia. Kiwanda kinahitaji wote wawili, na kinahitaji waketi meza moja kabla ya siku mbaya.

Usemi huu wa "kusema wazi" unastahili aya yake. Ijumaa, 17 Machi 2000, radi ilipiga njia ya umeme karibu na kiwanda cha chipu za simu cha Philips mjini Albuquerque, Marekani. Moto mdogo ulizuka, ukazimwa kwa dakika kama kumi. Lakini vyumba vya chipu havivumilii vumbi, sembuse moshi na maji. Wateja wawili wakubwa wa kiwanda hicho walikuwa Nokia na Ericsson, na wote waliambiwa watachelewa kama wiki moja. Nokia ilianza kufuatilia kila siku, ikapandisha habari hadi kwa wakubwa, ikatafuta chipu kwingine kabla haijalazimika. Ericsson ilingoja. Uharibifu ulipobainika kuwa wa miezi, chipu za akiba za dunia zilikuwa zimeshachukuliwa, na Ericsson ikapoteza mauzo yapatayo dola milioni 400. Mwaka uliofuata iliiunganisha biashara yake ya simu na ya Sony. Habari mbaya ilikuwa moja, iliyofika kwa pande zote mbili. Upande mmoja mtu wa chini aliweza kuibeba mpaka juu bila kuogopa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na viwandani tunayaficha maradhi kila siku: pampu iliyovuja jana na kufungwa kwa mpira, waya uliochemka ukaongezewa utepe, na ripoti ya zamu inasema "hali shwari" kwa sababu msimamizi hapendi kusikia vinginevyo.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la fedha. Toyota ni Toyota. Sisi tuna mashine mbili na mkopo wa benki. Ni kweli, na sitaki kulipita juu juu. Mwenye kiwanda kidogo hawezi kujenga kiwanda cha pili cha akiba. Lakini hata Aisin haikuwa na kiwanda cha akiba cha vali zile. Ilikuwa na majirani. Na majirani sisi tunao. Pale Gerezani na SIDO Vingunguti jijini Dar es Salaam, na Kariobangi Light Industries jijini Nairobi, kuna mafundi wanaochonga shafti, gia na bushi kwa mashine zilizowahi kutupwa na viwanda vikubwa. Wanafanya kila siku kile Brother walichofanya kwa wiki moja: kutengeneza kwa mashine isiyo maalumu kitu ambacho hawajawahi kukitengeneza. Kinachowakwamisha wakati wa janga ni kwamba tunawafikia mikono mitupu. Kipuri kimeungua au kimevunjika vipande vitatu, mchoro haupo, aina ya chuma haijulikani, na fundi anaambiwa "tengeneza kama hiki". Anakisia. Kinadumu siku nne, halafu tunasema mafundi wa mtaani hawafai.

Ningekuwa na kiwanda, ningechagua vipuri ishirini ambavyo kimoja kikivunjika mtambo unasimama na ambavyo kuagizwa kwake nje huchukua wiki nyingi pamoja na kukaa bandarini. Ningevipima vikiwa vizima, nichore, niandike aina ya chuma, kisha michoro iwe kwenye simu ya mtu aliye nje ya kiwanda. Kisha ningempelekea fundi wa Gerezani kimoja au viwili achonge sasa hivi, kwa malipo kamili, nivifunge na nione vinadumu muda gani. Gharama yake ni ndogo kuliko karamu ya mwisho wa mwaka.

Bima nayo ina mtego wake. Wengi ninaowafahamu wana bima ya moto kwa sababu benki iliwadai wawe nayo. Hiyo inalipa kuta na mashine. Hasara ya kusimama, yaani mishahara, riba, pango na faida iliyokosekana, ni bima nyingine, na ina kipindi chake cha juu cha kulipa. Ukikata ya miezi sita, na mashine mpya ikachukua miezi kumi kuagizwa, kusafirishwa, kutolewa bandarini na kufungwa, miezi minne ni ya mfuko wako. Kipindi hicho kinapaswa kupangwa na fundi mkuu anayejua mashine inatoka wapi, na bado sijaona fundi mkuu akiitwa kwenye kikao cha bima.

Halafu kuna vibarua. Hawamo kwenye jalada lolote nililosoma. Kiwanda kikisimama wiki mbili wanatafuta kazi kwingine, na wana haki kwa sababu watoto wanakula leo. Siku mtambo unapowaka, watu waliojua kuulisha hawapo. Nusu ya posho kwa majuma hayo, kwa kazi ya kusafisha na kubeba, ingewabakiza.

Nimalizie na kiwanda cha chipu cha Renesas huko Naka, katika mkoa wa Ibaraki, Japani. Tetemeko la Machi 2011 lilikisimamisha, na wakati fulani watu hadi 2,500 kwa siku, wengi wakitoka kwenye kampuni za magari zilizokuwa zikisubiri chipu zake, walikuwa humo wakikitengeneza. Uzalishaji ulianza tena 1 Juni, karibu miezi mitatu baadaye. Tarehe 19 Machi 2021 kiwanda hichohicho kikaungua. Hitilafu ya umeme kwenye mtambo mmoja iliharibu sehemu ya chumba cha kutengenezea chipu. Majanga hayo mawili hayafanani kwa ukubwa, na sitayalinganisha kama mizani. Lakini safari ya pili, nadhani, hakuna aliyehitaji kuuliza nani aitwe, wala wageni waingie kwa mlango upi, wala kipi kianze kuwashwa. Uzalishaji ulianza tena 17 Aprili, siku ya 29.